Treni Isiyokwama

Treni ya kwanza ambayo Mbelu aliichora kwenye kompyuta ilichekwa kwa sababu iliruka. Ilikaa Kaniama kwenye kioo cha runinga kama mzigo uliosahauliwa, kisha, simu ilipoingia kutoka stesheni ndogo ya mbele, ikaonekana huko ghafla bila kupita popote. Wateja wa buvete ya Nkongolo, baa iliyotazamana na stesheni ya Kamina, waliipa jina la chura.

"Chura iko fasi gani leo?" waliuliza wakiagiza bia.

"Chura inalala Mulonde," Nkongolo aliwajibu, na wote wakacheka, naye akiwemo, ingawa treni ile ilikuwa kazi ya dada yake.

Mbelu hakucheka. Alifundisha hisabati na informatiki katika shule ya sekondari, na alijua kwamba chura alikuwa sahihi. Kila mruko ulikuwa na shahidi. Germaine, muuza mandazi wa Mulonde, alikuwa ameiona treni kwa macho na kupiga simu. Salomon, katekista wa Kibula, vilevile. Nkongolo aliwatumia muda wa maongezi, wao wakamtumia habari, naye akabonyeza herufi moja kwenye kompyuta. Kati ya simu na simu hakuna aliyejua kitu, na kioo hakikujidai kujua.

Kompyuta yenyewe ilikuwa Commodore ya rangi ya biskuti, nzito kama tofali, ya aina iliyouzwa kwa matumizi ya nyumbani kabla Mbelu hajajua kusoma. Baba yao, fundi wa ishara za reli, aliinunua Lubumbashi kwa Mbelgiji aliyekuwa akifunga mizigo. Mwaka ambao Wakasai, wao wakiwemo, walipakiwa kwenye mabehewa na kuambiwa warudi kwao, aliificha ndani ya gunia la muhogo mkavu, na familia iliporudi Kamina ilikuwa bado inawaka. Mbelu aliipenda kwa sababu moja tu: hakuna kilichotendeka ndani yake asichokijua. Kompyuta za shule zilikuwa na mambo yao ya siri, zikizubaa bila kusema kwa nini. Hii haikuficha kitu, na ilikula umeme kidogo kiasi kwamba paneli moja ya sola ilitosha kuilisha pamoja na runinga.

Lakini mtu huchoka kuchekwa. Likizo ya Pasaka ilipofika, Mbelu aliipeleka mashine nyumbani, akaamua treni iteleze.

Kazi hiyo ilikuwa ngumu kuliko wateja walivyoweza kudhani. Kwenye mashine ile, kioo kimegawanywa katika miraba midogo, na kila mraba una nukta nane kwa upana. Ukihamisha picha ya kichuguu kutoka mraba huu hadi ule, jicho linaona mruko. Mashine inakupa msaada mmoja: inakubali kuisukuma picha nzima nukta moja, mbili, mpaka saba. Kwenye nukta ya nane ni lazima uurudishe msukumo kwenye sifuri na papo hapo uihamishe miraba yote hatua moja, kabla mwale unaochora kioo haujarudi juu. Mwale huo hurudi mara hamsini kwa sekunde na haumngoji mtu. Ukichelewa, picha inapasuka katikati kama kitenge: vichuguu vya juu vimeshahama, reli ya chini bado iko nyuma.

Siku za kwanza picha ilipasuka. Mbelu hakukasirika, alihesabu. Aligundua kwamba miraba yote haiwezi kuhamishwa kwa mpigo mmoja, basi akatengeneza kioo cha pili kilichofichwa, akakijaza kidogo kidogo wakati watu wanatazama cha kwanza, kisha kwenye nukta ya nane akavibadilisha. Pembeni akafunika ukanda mwembamba ili nyasi na miti mipya iingie bila kuonekana ikiingia. Treni yenyewe aliiweka katikati, haisogei hata kidogo. Ni nchi iliyosogea nyuma yake. Magurudumu yalikuwa picha nne zinazopokezana, moshi picha tatu.

Alipomaliza, alikaa mbele yake muda mrefu. Treni ilikuwa inakwenda. Alijua kwamba haiendi, alijua mstari wa programu unaoifanya isiende, na bado jicho lake lilikataa. Jicho ni shahidi mbovu: lipe picha hamsini kwa sekunde, litakula kiapo kwamba limeona mwendo.

Tatizo lilijionyesha baadaye. Treni inayoteleza haiwezi kukaa bila kujua iko wapi. Chura aliweza kusubiri simu ya Salomon nusu siku. Hii, ikisubiri, ilionekana imekufa, na wateja walimpigia Nkongolo kelele aipige runinga kofi. Kwa hiyo Mbelu akaiwekea kanuni: baada ya kila simu, iendelee kwa mwendo iliokuwa nao kati ya stesheni mbili za mwisho, mpaka simu nyingine ije kuirekebisha. Ni makisio ya mtoto wa darasa la sita. Na kwa kuwa ni makisio, aliyawekea alama. Treni iliyothibitishwa na simu ilikuwa nyeupe. Dakika chache baadaye, ikiwa hakuna simu nyingine, iligeuka rangi ya majivu, na kubaki hivyo mpaka mtu aione tena.

Karibu kila wakati ilikuwa ya majivu.

"Yaya," Nkongolo alimwambia dada yake mkubwa juma la pili, akifuta kaunta ambayo haikuhitaji kufutwa. "Ile treni ya majivu, uiondoe."

"Haiko treni ya majivu. Ile njo treni yenye hatujue iko wapi."

"Bantu bananiuliza nani amekufa. Jana ba mama babili balihamisha viti vyabo inje. Banasema hawawezi kunywa chini ya treni ya matanga."

"Bakunywe inje."

"Inje kuko mvua, yaya. Na bia yangu iko ndani." Alimtazama kwa jicho la mtoto wa mwisho ambaye hajawahi kunyimwa. "Rangi tu. Treni ibakie yako, hesabu ibakie yako. Minyi ninaomba rangi."

Mbelu alisema hapana siku ile, na siku iliyofuata. Siku ya tatu mteja mmoja, mwanajeshi wa Base, kambi ya jeshi, aliyekuwa akimsubiri mkewe atoke Kananga, aliitupia runinga chupa, akisema mashine inamtabiria msiba. Chupa ilipiga ukuta. Mbelu akafungua programu, akatafuta namba moja, akaibadilisha iwe sawa na ile ya nyeupe. Kazi hiyo haikumchukua hata muda wa kunywa chai. Tangu hapo treni ilikuwa nyeupe daima, na buvete ikajaa.

Alichokiondoa alikijua vizuri. Alijiambia kwamba mtu mwenye akili anajua picha ni picha.

Wateja walikuja na viti vyao. Walipenda zaidi sehemu moja: daraja la Kibula. Mbelu alilichora kwa uangalifu, vyuma vyake vimepishana, maji chini yake yanameta, na lilipoanza kuingia kutoka upande wa kulia buvete nzima iliita "Daraja! Daraja!" na aliyechelewa kuita alinunulia meza yake bia. Treni ilipita juu yake taratibu, bila kutikisika.

Mume wa Mbelu, Lumbu, alipita juu ya daraja hilohilo kwa miguu kila juma, siku zisizo na vipindi. Alikuwa mwalimu wa jiografia, na kama walimu wengi alikuwa na kazi ya pili inayolisha ya kwanza. Alinunua mahindi ng'ambo, upande wa Kaniama alikozaliwa, akayaleta Kamina kwa baiskeli. Baiskeli ya mahindi haipandwi. Inabebeshwa magunia matatu, inafungwa fimbo kwenye usukani, na mtu anaisukuma akiwa ameinama kama anayesali. Barabara ilikuwa imeliwa na mvua, na daraja la magari halikuwepo tena. Lililobaki ni la reli, na juu yake njia ya mbao, upana wa baiskeli moja, kati ya chuma na chuma. Ukiwa katikati na mzigo, hugeuki. Hakuna pa kujibanza.

Zamani wasukuma baiskeli walikuwa na utaratibu wao. Mmoja alibaki nyuma kwenye kona ya reli na kitambaa chekundu, pale ambapo dereva angeweza kumwona mapema, mpaka wenzake wafike ng'ambo. Kisha mmoja wao alirudi kwa miguu kumshikia kitambaa naye avuke. Ilikula nusu ya mchana. Treni ya Mbelu ilipoanza kuteleza, kitambaa kiliachwa. Watu walipiga simu kwa Nkongolo, Nkongolo alitazama juu, wakavuka.

Mbelu aliposikia, alimsubiri Lumbu mezani, bukari, ugali wao, ikipoa.

"Ile tele ya Nkongolo inabahatisha," alimwambia. "Toka Mulonde mpaka hapa, kama Salomon hajapiga simu, haijue kitu."

"Inabahatisha na hesabu ya nani?"

"Yangu."

"Basi." Lumbu alinawa mikono, akakaa. "Weye ulishakosa hesabu siku gani?"

"Ninakuambia muacheni mutu na kitambaa."

"Bibi yangu, tuko babili, minyi na Gaston. Mumoja akibakia na kitambaa, tutarudi hapa mwezi wa kumi na mbili." Alimega bukari, akamwonyesha nayo kama anayemfundisha. "Unajua Gaston anawaambia bantu nini mu njia? Anasema, bibi ya Lumbu njo anaendesha treni. Dereva iko anafuata tu."

Mbelu hakuweza kujizuia, akacheka. Baadaye alikumbuka kwamba mazungumzo yaliishia hapo, kwenye kicheko chake.

Alhamisi ya mwisho ya Novemba mvua ilinyesha asubuhi, kisha jua likatoka na kuichemsha mitaa. Mbelu alitoka shuleni saa nane, akapita buvete kumwachia Nkongolo betri iliyokuwa ikichajiwa huko. Ndani kulikuwa kumejaa. Treni kutoka Kaniama ilikuwa kwenye kioo, nyeupe, ikipanda mlima wa mwisho kuelekea Kamina.

Alisimama mlangoni akiitazama, betri ingali mkononi. Kitu kilimkera na hakujua ni nini. Kisha akajua. Treni halisi hupunguza mwendo kwenye mlima ule. Kila mtu wa Kamina anajua, watoto hudandia pale. Hii ilikuwa inapanda kwa mwendo uleule iliokuja nao uwanda wa Mulonde, haina haraka, haina uzito.

"Nkongolo. Nani alipiga simu mwisho?"

"Germaine. Mulonde. Ilipita pale vizuri sana, anasema inakimbia."

"Saa ngapi?"

Nkongolo alifikiri. "Mbele ya chakula."

"Na Salomon?"

"Salomon bado. Lakini ilisha vuka, yaya, tuliona daraja sisi bote. Shangazi yule alinunulia meza muzima." Wanawake wa meza ile walicheka, mmoja akainua chupa kumsalimu mwalimu. Nkongolo aliendelea, kwa sauti ileile ya kuhesabu chupa: "Lumbu pia aliuliza. Nilimuambia ilisha pita."

"Lumbu aliuliza lini?"

"Sasa hivi. Alikuwa anafika ku daraja na Gaston. Anasema, shemeji, beau, treni? Nikamuambia, beau, treni iko karibu kwetu huku, vuka tu."

Mbelu aliweka betri sakafuni. Alimpigia mumewe. Simu iliita mpaka ikachoka. Hilo halikumaanisha kitu: mtu anayesukuma magunia matatu ana mikono miwili tu. Akapiga tena, ikaita vilevile. Simu ya Gaston ilikuwa imezimwa. Akampigia Salomon, na katekista akapokea mara moja, kwa furaha ya mtu aliyekaa peke yake siku nzima.

"Mwalimu! Habari ya huko?"

"Tata Salomon, treni ilipita Kibula saa ngapi?"

"Treni gani?" Salomon alisema. "Minyi niko hapa tangu asubuhi, ninaingojea. Ingepita ningewaita. Sikuita kwa sababu sina kitu ya kusema."

Buvete iliendelea na kelele zake. Mbelu aliibandika simu sikioni kwa nguvu. Aliziweka habari katika mstari kama alivyowafundisha wanafunzi: Germaine ameiona; Salomon hajaiona; kati yao kuna uwanda, kona, na daraja. Treni imesimama mahali, kama inavyosimama kila juma, labda kupoza injini, na inaweza kuondoka wakati wowote. Hakukuwa na kitu kingine cha kujua.

"Tata, Lumbu iko juu ya daraja. Yeye na Gaston. Kimbia. Baambie barudi, barushe mizigo, batoke. Usikate simu."

Salomon hakuuliza swali. Mbelu alimsikia akiita jina la Mungu, kisha mlango wa bati, kisha kandambili zikipiga matope. Kutoka nyumbani kwake hadi daraja kulikuwa na msitu mdogo wa kuzunguka. Mbelu alisikia pumzi za mzee, majani yakikwaruza simu, pumzi tena. Nkongolo alikuwa amemwona usoni na ameacha kufuta kaunta. Mmoja baada ya mwingine wateja walinyamaza, bila kujua kwa nini, mpaka kilichobaki kikawa feni na mlio mwembamba wa runinga.

"Yaya, kuko nini?"

Alimwonyesha kiganja: nyamaza.

Honi aliisikia kwanza kama kitu kilicho ndani ya simu yenyewe, hitilafu ya mtandao. Ilikuwa mbali na ndefu. Haikukatika kama honi ya kusalimu. Iliendelea, ikaendelea, na nyuma yake ukaingia ukelele wa vyuma vinavyong'ang'aniana. Kandambili za Salomon zilisimama.

"Tata?"

Mzee alikuwa anapumua. Hakuwa akikimbia tena.

"Tata Salomon, unaona nini?"

"Ngoja, mutoto wangu," Salomon alisema. "Ngoja." Na simu ikakatika.

Juu ya kaunta, treni nyeupe ilimaliza mlima.

Aliyepiga baadaye alikuwa Gaston, kwa simu ya mtu mwingine, na alizungumza haraka kama anayeogopa kuzuiwa. Yeye alikuwa mbele, magunia yake yalikuwa mawili. Alikuwa amebakiza mbao chache kufika ukingoni. Lumbu alikuwa katikati.

"Nilisikia honi, mwalimu. Bote tulisikia. Nikamupigia kelele, rusha! rusha baiskeli, ruka mu maji! Akanijibu. Alikuwa na sauti ya kawaida, unasikia? Kama mu klasi. Akaniambia, hapana, Gaston, ile haiko treni. Treni ilisha pita. Ile itakuwa kamyo, lori tu, ku barabara." Gaston aliongeza upesi: "Hakugeuka hata kuangalia."

Mbelu alimuuliza maswali yaliyopaswa kuulizwa, akajibiwa. Ndiyo, alikufa palepale. Hapana, hakuteseka, au kama aliteseka haikuonekana. Dereva alikuwa amekaa kwenye nyasi na hasemi. Watu wa treni wameshamfunga Lumbu ndani ya turubai. Watamweka kwenye behewa la mizigo, na treni itaondoka Kibula kumleta Kamina.

"Inaondoka sasa," Gaston alisema.

Mbelu alirudia maneno hayo kwa sauti, kwa kuwa mdogo wake alikuwa amesimama mbele yake akisubiri maneno. Kisha akakaa kwenye kreti. Mikono ya Nkongolo ilihitaji kazi, nayo ikafanya ile iliyoizoea: aliikaribia kompyuta, akabonyeza herufi ya Kibula. Kioo kilimeta. Treni ikaonekana ng'ambo hii ya daraja, nyeupe, magurudumu yakizunguka, na nchi ikaanza kusogea.

Habari katika Kamina haisubiri mtu aitume. Mama Ngoie, mama yake Lumbu, alikuja kutoka mtaa wa reli na wanawake watano nyuma yake, wamejifunga vitenge vya kiunoni kwa kukaza. Walikuwa wanalia njiani. Mbelu aliwasikia kabla ya kuwaona. Lakini walipoingia na kuona chumba kizima kimeelekeza nyuso upande mmoja, wakanyamaza, nao wakaelekeza zao.

"Njo ile?" Mama Ngoie aliuliza.

Mzee mmoja alimwachia kiti chake cha mbele.

"Mutoto wangu iko mu ile?"

"Ndiyo, mama," Nkongolo alisema.

Mama Ngoie alikaa. Alikunja mikono mapajani kama mtu aliye kanisani na kutazama. Vichuguu vilipita, mti, nyasi, kichuguu. Hakuna kilichopasuka, hakuna kilichoruka.

"Inamubeba vizuri," aliwaambia wanawake wenzake. "Muangalie. Haimutikise."

Mbelu alisimama. Alikwenda nyuma ya kaunta, akapitisha mkono kwenye nyaya, akashika swichi.

"Wacha," mama mkwe wake alisema, bila kupandisha sauti.

"Mama, ile haiko yeye." Mbelu alitaka kusema kwa ufupi na kwa ukweli, kama siku zote, na maneno yalitoka yamenyooka. "Ile haijue fasi iko. Ni hesabu tu. Nilikuwa na alama ya kuonyesha kama haijue, nikaiondoa. Lumbu alivuka juu ya ile. Minyi njo niliandika."

Alisubiri. Alikuwa tayari kwa kofi, kwa laana ya Kiluba, kwa wanawake kumrukia. Nkongolo alikuwa amefumba macho.

Mama Ngoie hakugeuka. Haikujulikana kama aliyasikia maneno yote au aliyachagua. "Weye njo uliandika," alisema polepole, akilipima neno. "Basi, umulete."

Mkono wa Mbelu ulitoka kwenye nyaya.

Treni ilikuja. Ilipita vichuguu vyote alivyovichora likizo ya Pasaka, ikapanda mlima kwa mwendo wake usio na uzito, na kila ilipokaribia, wanawake walijisogeza mbele ya viti. Mbelu alitazama saa ya ukutani, akapima mwendo kwa kichwa, akaona kwamba ilikuwa inakuja upesi mno, kwa kuwa aliiandika ipuuze kipande chenye kuchelewa sana, na hivyo ilibaki na mwendo wa Mulonde. Hakuna aliyemuuliza. Paa la stesheni liliingia kutoka kulia. Programu ilijua stesheni ya mwisho: nchi ikasimama, magurudumu yakasimama, moshi ukaendelea kupanda, picha ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya kwanza.

Mama Ngoie alisimama na kupaza sauti. Wote wakatoka naye. Walivuka barabara wakilia, wateja nyuma yao wamevua kofia, Nkongolo akimshika mama mkono, wakapanda jukwaa la stesheni na kutandika vitenge juu ya saruji mahali ambapo behewa la mizigo husimama.

Simu ya Mbelu iliita akiwa bado kaunta. Ilikuwa namba ileile ya kuazima.

"Mwalimu," Gaston alisema, "bado tuko hapa. Dereva anakataa kuendesha. Banasema bangojee dereva mwingine atoke Kaniama, labda kesho."

"Nimesikia," Mbelu alisema.

Alizima runinga. Kupitia mlango aliona migongo yao, imepangwa kando ya reli tupu, na Mama Ngoie mbele, amenyoosha mikono yote miwili kana kwamba anashushiwa mtu. Alitafuta maneno ya kuwaambia, akapata mawili matatu yaliyo sahihi, akaanza kuvuka barabara.